Nilijipeleka mwenyewe wodi ya wagonjwa wa akili: uzoefu wangu wa kulazwa siku tatu

Askari wa getini alichungulia nyuma yangu. "Mgonjwa yuko wapi?" Nikamwambia ndiye mimi. Akachungulia tena, nadhani safari hii akitafuta kaka zangu na kamba.

Simlaumu. Mimi ni fundi cherehani hapa Kampala, naishi na baipola, ugonjwa wa akili unaokupandisha na kukushusha hisia kupita kiasi, mwaka wa tisa sasa, na mara mbili za mwanzo kweli nililetwa: kwanza kwa pikapu ya polisi, kisha nimebanwa na wanaume wanne kwenye teksi. Wiki sita, halafu nane. Nilipotoka mara ya pili cherehani ilikuwa imeshauzwa kufidia kodi ya chumba.

Wazo la kujileta lilitoka kwa sista mmoja wa kliniki. Alinieleza kwamba Sheria ya Afya ya Akili ya 2018 inamtambua mgonjwa anayekuja kwa hiari yake, basi kwa nini nisubiri kushikwa? Tukakaa tukaandika karatasi moja. Dalili zangu: nikikesha usiku wa pili na asubuhi sihisi uchovu, au nikianza kukata vitambaa ambavyo mteja hajaleta. Namba ya kupiga. Siku tatu, zisizidi. Nikitaka kuondoka kesho yake, naondoka.

Baadaye ndipo nikajua Norwei wana mpango rasmi wa namna hii. Eneo la Jæren huko waliuanza 2005. Mgonjwa ana mkataba, anapiga simu wodini moja kwa moja bila kuanza kwa daktari, anapewa kitanda kwa siku chache. Uswidi na Denmark nao wanao. Wangu hauna jina, ni mapatano tu kati yangu na wodi.

Nimeutumia mara nne. Mara ya kwanza sikuamini. Hakuna aliyenihoji kama mshitakiwa, hakuna aliyenibadilishia dawa. Nilikula posho, yaani ugali, na maharage, nikalala saa kumi na moja mfululizo, jioni nikaongea na sista kuhusu madeni. Siku ya tatu nikapanda boda nikarudi kazini. Wateja walidhani nimekwenda msibani, nami sikuwasahihisha.

Mara ya tatu iliniudhi. Kwenye simu waliniambia njoo, kufika kitanda hakuna. Nikatandika mkeka kwenye korido, watu wakiniruka usiku kucha, na mtu wa baipola asipolala ndiyo balaa yenyewe. Vidonge vilikuwa vimekwisha stoo, dada yangu akaenda kuvinunua duka la dawa. Juu ya hayo, muuguzi wa zamu akang'ang'ania niwe na ndugu wa kunihudumia, wakati karatasi inasema naja peke yangu. Hapo ndipo tunapoachwa mbali na Norwei: mpango huu unasimama juu ya kitanda kinachokungoja, na wodi zetu zimefurika. Nawapa nyota tatu. Sista peke yake angepata tano.

Hata hivyo mfuko wangu uko tayari, unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango: kandambili, shuka, beseni, kikombe, ile karatasi. Mwezi uliopita niliubeba tena. Askari ni yule yule. Aliponiona alifungua geti kabla sijasema neno, akaniuliza, "Fundi, ile suruali yangu unaipunguza lini?"