Uzoefu wangu na huduma ya kutambua sare: babu wa Skochi amegeuzwa mtumishi

Sina kawaida ya kuandika maoni kuhusu huduma ninazolipia mtandaoni, lakini ripoti niliyotumiwa juu ya picha ya babu yangu mzaa mama imeniudhi kiasi kwamba nikinyamaza itaonekana nimeikubali. Kampuni yenyewe sitaitaja. Iko Uingereza, inajinadi kuwa na mabingwa wa sare za kijeshi, na inataka ilipwe kwanza.

Picha hiyo ilipigwa Mombasa, katika miaka ya baina ya vita viwili vya dunia. Babu amesimama wima, amevaa sketi ya Kiskoti ya mirabaraba, kipochi cha manyoya kinaning'inia mbele, soksi zimefika magotini, na mkononi ameshika fimbo ya kiongozi wa bendi. Nyuma ya bega lake linachungulia dramu kubwa. Nilichotaka kuelezwa ni kitu kimoja tu, nacho ni kikosi gani cha Uskoti kilichoigwa na mafundi wetu waliposhona mavazi yale. Hilo nililiandika wazi katika fomu yao, nikaeleza pia kwamba babu alikuwa mwanachama wa Skochi.

Kwa asiyejua, Skochi ilikuwa mojawapo ya vyama vya Mombasa vya beni, yaani ngoma ya mashindano yenye bendi, na hasimu wake mkubwa alikuwa Kingi. Beni ilianza katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, na baadaye ikaenea Tanganyika, ambako mashindano yalikuwa kati ya Marini na Arinoti. Vyama hivyo viliiga gwaride la kijeshi, vikawa na vyeo vyao, na vilishindana kwa ngoma, kwa mashairi ya kukashifiana na kwa mavazi. Pesa zilizomwagwa katika mavazi hayo ziliwahi kuwaacha watu na madeni. Kwa hiyo sketi ile ilikuwa fahari ya mtaa mzima, na mwenye kuivaa alijua vyema anamtambia nani.

Ripoti ikaja. Inasema sare ni ya Gordon Highlanders, kwa sababu kipochi kina vishada viwili virefu vyeusi, na kwamba aliyevaa "huenda" alikuwa mtumishi wa afisa wa Kiskoti, aliyevishwa nguo za bwana wake kwa ajili ya kupigwa picha. Mtumishi! Neno Skochi halikuguswa popote, wala beni, wala lile dramu.

Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko inavyostahili, na kila nikiisoma naona jinsi walivyoanza na jibu kabla ya kuitazama picha. Vishada viwili vyeusi walivaa Seaforth Highlanders pia, kwa hiyo hata hoja yao yenyewe haisimami peke yake. Halafu kuna marinda. Sketi halisi ya Kiskoti huwa bapa mbele na marinda yake hukaa nyuma, ilhali ya babu ina marinda yaliyozunguka kiuno chote, kama fundi anayemshonea bibi harusi asiyetaka kitambaa kionekane kidogo. Hiyo ni kazi ya cherehani ya Mombasa. Haikutoka katika ghala la jeshi lolote. Nao askari wa kwetu waliokuwa katika King's African Rifles, kikosi kilichoundwa mwaka 1902, walijulikana kwa kaptura za kaki na tarbushi.

Nilipowaandikia haya kwa adabu zote, nilijibiwa na mtu ambaye hakuweka hata jina lake kwamba kumbukumbu za kifamilia mara nyingi hutiwa chumvi, na kwamba nikitaka mapitio ya pili yapo kwa malipo ya ziada. Bibi yangu, aliyecheza lelemama, ngoma ya wanawake, na kuwashangilia hao Skochi barabarani kwa macho yake, ndiye anayeambiwa ametia chumvi na mtu ambaye hajawahi kusikia jina la beni.

Haki lazima itendeke, hivyo niseme kwamba usafishaji wa picha waliufanya kwa ustadi mkubwa. Madoa yameondoka, uso wa babu umerudi, na hata nyuzi za manyoya ya kipochi zinahesabika. Kwa kazi hiyo nilikuwa tayari kuwapa nyota tatu na kuwashauri wenzangu wanunue usafishaji peke yake, waachane na ripoti.

Lakini hapo ndipo hasira iliponirudia, kwa sababu katika picha hiyo hiyo waliyoisafisha wao, nilipoikuza kwenye simu, vishada vinaonekana vitatu. Cha tatu kimejibanza nyuma ya ncha ya fimbo, wala hakihitaji bingwa kukiona. Walikuwa na ushahidi mezani, wamekwisha kuung'arisha kwa mikono yao, na bado wakaandika viwili ili babu aingie katika kikosi walichokwisha kumchagulia.

Basi nyota ni moja. Nimewaandikia tena nikidai nusu ya fedha zangu, ingawa nikiisoma ripoti tena usiku huu naona nusu ni upole usio na sababu, na kesho nitadai zote.