Traboule za Lyon: kuingia ni bure, kazi ni kuujua mlango

Vieux Lyon, mtaa wa kale wa jiji la Lyon nchini Ufaransa, umebanwa kati ya mto Saône na kilima cha Fourvière. Kwa ufinyu huo, barabara zake kubwa zinaufuata mto, na za kukatiza ni chache mno. Badala ya kuzunguka mbali, watu wa zamani walipitisha njia ndani ya nyumba zenyewe: mlango, ujia, ua, ujia mwingine, kisha unatokea barabara ya pili. Hiyo ndiyo traboule. Jina linatoka kwenye Kilatini, lenye maana ya kupita katikati.

Waongozaji wengine husimulia kwamba zote zilijengwa kwa ajili ya wafumaji wa hariri. Si kweli. Mfalme François wa Kwanza aliipa Lyon fursa ya kufuma hariri mwaka 1536, na njia za hapa zilikwishaanza kutumika. Hadithi ya hariri inaufaa mlima wa Croix-Rousse, mtaa mwingine wa Lyon, ambako wafumaji walihamia karne ya 19 na kushusha vitambaa bila kuloweshwa na mvua.

Kwa mgeni, ya kuanzia ni ile ndefu: namba 54 rue Saint-Jean (rue ni barabara), kutokea namba 27 rue du Bœuf. Shuka treni ya metro, mstari D, kituo cha Vieux Lyon, ni karibu kwa miguu. Nenda asubuhi. Mlango ni wa mbao, mzito, na unaonekana kama wa nyumba ya mtu, kwa sababu ni wa nyumba ya mtu. Wengi huishia hapo wakidhani pamefungwa. Tafuta kitufe pembeni, kibonyeze huku unasukuma. Ndani kuna giza. Kitufe cha taa kiko ukutani na taa hujizima yenyewe, basi usisimame katikati kupiga picha. Tazama juu: matao ya dari yana mbavu za mawe, na chini yake yamepangwa masanduku ya barua ya wapangaji. Uani, inua macho uone roshani za ghorofa juu ya ghorofa.

Namba 16 rue du Bœuf usiikose: ua wa Tour Rose, mnara wa rangi ya waridi wenye ngazi za kuzunguka ndani yake. Kwa uzuri, huu unaizidi ile njia ndefu.

Kasoro zipo. Njia ni mamia, zilizo wazi kwa umma ni makumi tu, na jioni milango hufungwa. Mlango wa upande wa pili ukigoma, rudi ulikotoka, usibonyeze kengele za watu. Wakazi wameruhusu wapitaji kwa makubaliano na jiji, nalo huchangia usafi na taa. Makundi yenye kelele ndiyo yanayowafanya wafunge. Mwenye kiti cha magurudumu atakwama kwenye vidato.