Waya za meno katika msimu wa korosho: uzoefu wangu Tandahimba

Kichuma cha kwanza kiling'oka Oktoba mwaka jana, saa nne asubuhi, nikiwa kwenye mzani. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, AMCOS kama tunavyoita huku, na msimu ukishafunguliwa wakulima hufika na magunia tangu alfajiri. Mama mmoja alikuwa ameniletea korosho alizochoma mwenyewe nyumbani, zimefungwa kwenye gazeti, bado zina joto. Ningekataaje? Nilipotafuna ya tatu au ya nne nikasikia "ka", kisha kitu kigumu kikawa kinazunguka juu ya ulimi. Nikadhani ni ganda. Kumbe ni kile kichuma kidogo kinachogandishwa kwenye jino ili kishike waya.

Ndugu na marafiki wa huku kusini wananiuliza sana kama waya za meno zinamfaa mtu anayeishi mbali na Dar es Salaam. Wanachoonyeshwa mitandaoni ni picha mbili tu, kabla na baada. Mimi nimo katikati, mwezi wa kumi na nane sasa, na huu ni msimu wangu wa pili wa korosho nikiwa nazo.

Nilifungwa waya nikiwa na miaka 27. Meno yangu ya mbele ya juu yalikuwa yamepandana tangu utotoni, na nilizoea kucheka huku nimefunika mdomo kwa kiganja. Kliniki iliyonifunga iko Dar, na kazi ya mikono yao naisifu bila kusita. Haikuhitaji sindano, na daktari alinieleza kwa uvumilivu jinsi jino linavyohama: waya unalisukuma, mfupa wa upande unaobanwa unayeyuka taratibu, na upande wa pili unajengeka mfupa mpya. Ndiyo maana mtu hawezi kuharakishwa. Wiki ya kwanza iliuma, nikaishi kwa uji na mtori. Baada ya hapo nikasahau maumivu.

Lalamiko langu ni usafi. Niliambiwa "piga mswaki vizuri", nikapewa karatasi ya Kiingereza yenye picha za tufaha, bisi na peremende. Tufaha mimi silili. Nala korosho, ming'oko (mizizi ya porini tunayochemsha), mihogo ya kuchoma, miwa na mabibo, yaani matunda ya mkorosho, na hakuna aliyeniuliza. Mtu anayelipa pesa nyingi kiasi kile, tena kwa mafungu kutoka kwenye mshahara wa karani, anastahili kuulizwa anakula nini kwao.

Maana msimu huu unakuja na majaribu yake. Korosho watu wanaiona laini, na kweli ukiilinganisha na karanga kavu ni laini, lakini iliyoungua kidogo pembeni ni ngumu kama kokoto, na unga wake unajipakia chini ya waya ukakaa humo mpaka usiku. Bibo lina sukari, lina uchachu, lina nyuzinyuzi, yote matatu kwa mpigo. Likikaushwa kuwa kochoko ndiyo kabisa, linanata. Ming'oko ikishachemshwa ni laini, tatizo ni namna tunavyoila: unashika kwa meno ya mbele unavuta ganda. Kwa mwenye waya hiyo ni kazi ya vidole au kisu.

Na kuna ghala. Vumbi la magunia linakausha koo, maji tunakunywa kidogo kwa sababu foleni haikatiki, mchana mtu anatumwa soda. Sikujua kuwa mate ndiyo yanayosafisha na kulinda meno mchana kutwa, na kwamba mdomo mkavu unaonyweshwa soda ni shamba zuri la vijidudu. Vinakula sukari, vinatoa tindikali, tindikali inanyonya madini ya jino pale pale ukoga ulipojificha kuzunguka vichuma. Desemba nilipokwenda kwa daktari wa meno Mtwara mjini kwa ukaguzi, alinipa kioo akaniambia, "Dada, angalia hapa." Kwenye meno mawili ya chonge kulikuwa na madoa meupe kama chaki. Si uchafu wa kufuta. Ni jino lenyewe linaanza kudhoofika, na likiachwa linatoboka. Niliumia sana. Nilikuwa nalipia meno yapangike, huku nayaozesha.

Yule daktari ndiye aliyenifundisha kila ninachokifanya leo, na hakunitoza hata senti kwa somo lile. Mswaki unaulaza pembe, kwanza juu ya waya ukielekea kwenye fizi, halafu chini ya waya, jino kwa jino, dakika mbili au zaidi. Ukimaliza, unatema povu bila kusukutua, ili floridi ibaki kwenye meno. Kwetu hilo lina faida ya ziada. Uwanda wa Makonde maji hayajawahi kuwa kitu cha kumwaga ovyo, na mimi sasa kikombe kimoja kinanitosha. Ukitoka kula bibo au kunywa soda, usikimbilie mswaki. Sukutua kwa maji, subiri kama nusu saa, kwa kuwa uchachu unakuwa umelainisha uso wa jino na mswaki utaukwangua.

Sasa vifaa, maana pesa nimepoteza hapa.

Vibrashi vya kati ya meno ndivyo vilivyoniokoa. Ni vidogo kama kijiti cha kuchokolea meno, vina manyoya nchani, unavipitisha chini ya waya kati ya kichuma na kichuma. Pakiti nanunua duka la dawa Mtwara mjini, huku Tandahimba sijaviona, kwa hiyo nikishuka mjini nabeba tatu. Kimoja kinakaa kwenye mkoba wangu wa risiti, na baada ya chakula cha mchana najitenga nyuma ya ghala dakika tatu. Makuli walinicheka wiki ya kwanza. Wiki ya pili mmoja akaniuliza, "Dada karani, hicho kinauzwa wapi? Mwanangu jino linamtoa machozi." Nikamwambia ampeleke mtoto hospitali ya wilaya, jino lililoanza kuuma halimalizwi na brashi.

Dawa ya meno chukua yoyote iliyoandikwa floridi 1450 ppm, hata ya bei ya chini. Ya mkaa niliyouziwa kwa bei ya juu ilibaki nyeusi kwenye raba zinazoshikilia waya kwenye vichuma na haikuwa na floridi kabisa.

Kifaa cha umeme cha kurusha maji nilikiagiza mtandaoni kwa shilingi 85,000. Kinapendeza, kinatoa mabaki makubwa, lakini ukoga wenyewe hakiumalizi, na kinakunywa maji na chaji. Umeme ukikatika kinalala. Kama bajeti ni ndogo, achana nacho.

Nta ya kufunikia waya msisahau. Ncha ya waya ikitokeza na kukuchoma shavu, unakanda kipande kidogo kama punje ya mahindi, unakausha pale mahali kwa tishu, unabandika. Mimi iliniishia katikati ya mnada wa korosho nikakaa siku nne na kidonda, nasukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Kukata waya mwenyewe kwa koleo usijaribu.

Safari ndiyo gharama iliyofichika. Kutoka Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500, na mimi hukazwa kila wiki sita. Nilichofanya mwaka huu ni kuongea na kliniki mapema, miadi ya Oktoba hadi Desemba ikapangwa siku zisizo na mnada, na kichuma kikichomoka nigandishiwe na yule daktari wa Mtwara. Wakakubali. Kama nawe uko Newala, Masasi au Liwale, ombeni hilo kabla ya kulipa fungu la kwanza, na liandikwe.

Msimu huu mpaka leo hakuna kichuma kilichong'oka, na madoa hayajaongezeka. Korosho bado nakula, nazitwanga kwanza kwenye kinu kidogo nachanganya na uji. Yule mama naye sasa ananiletea zilizotwangwa tayari.