TAHADHARI: Dashibodi inasema 58,412, daftari la injini linasema mengine

Jamani, nimepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, tena mimi ninayefungua dashibodi za watu mchana kutwa. Kwa nini nilikuwa na haraka ya gari, tuyaache. Ninachotaka mjue ni jinsi broka mmoja wa yadi ya magari upande wa Ngong Road, Nairobi, aliyeniuzia gari lililotumika, alivyonisomesha uongo kwenye kioo cha dashibodi, nami nikaumeza tarakimu kwa tarakimu.

Gari lenyewe ni stesheni wagoni nyeupe ya 2014, injini ya 1,500cc, gia za otomatiki za CVT. Odomita, yaani kihesabu cha kilomita, 58,412. "Boss, hii ilikuwa ya mama wa Kileleshwa, kanisani na supamaketi tu." Huo wimbo nimeusikia mara mia, na bado nilitikisa kichwa.

Akasema twende nalo mpaka Limuru, petroli juu yake. Hapo ndipo nilipoingia boksi, kwa sababu mwenye mkweche hakupeleki mlimani. Gari likapanda vizuri, temperecha imetulia, gia hazirushi. Tulipogeuza akanyoosha kidole, akashikilia kitufe cha tripu, kile cha kipimo cha safari, mpaka wastani wa petroli ukabaki vistari vitupu. "Tuanze sifuri, usije ukasema nimekupikia." Tukateremka taratibu. Kufika Uthiru kioo kinasoma kilomita 24.6 kwa lita, na chini yake masafa yaliyobaki, 615. Tangi lilikuwa nusu. Nilikipiga picha kile kioo! Picha ninayo mpaka leo na sitaki kuiona.

Kinachouma ni kwamba hesabu ile ilikuwa sahihi. Kompyuta ya tripu haina kikombe cha kupimia petroli. Inajumlisha muda ambao injekta, vile vinyunyizio vya petroli kwenye injini, zimekaa wazi, inapata lita kutokana na muda huo, kisha inagawanya umbali kwa lita hizo. Sasa ukitoa mguu kwenye mafuta gari likiwa kwenye gia na linateremka, injekta hufungwa kabisa. Kilomita zinaongezeka, lita zimesimama. Limuru iko juu ya Nairobi kwa zaidi ya mita 400, kwa hiyo ukifutia tripu huko, hata lori la mchanga litakuonyesha maajabu. Na masafa ni kuzidisha tu: lita ambazo boya la tangi linadhani zimo, mara wastani wa karibuni. Lita 25 mara 24.6, ndiyo hiyo 615 iliyonitoa mate.

Kesho yake kwenye foleni ya Mombasa Road masafa yakaanguka kilomita 40 na mimi nimesogea 6. Nikafanya nilichopaswa kufanya kabla ya kulipa: kujaza tangi mpaka bomba likate lenyewe, kuendesha siku kadhaa, kisha kujaza tena pampu ile ile mpaka ikate. Lita 30.2 kwa kilomita 326. Hiyo ni 10.8, na kwa gari la mjini si mbaya hata kidogo. Angeniambia 10.8 ningelinunua vilevile, mjinga yule.

Lakini petroli ni madogo. Turudi kwenye odomita.

Nisitetewe, ila niliamini kwa sababu. Cheti cha Japani cha kusafirishia kilikuwepo, kinaonyesha 43,100 mwaka 2021, na namba ya chesisi inalingana na logbuku, hati ya umiliki wa gari. Cheti halali kabisa. Sasa chukueni kalamu: 58,412 toa 43,100 ni 15,312. Gawanya kwa miaka minne, tangu hapo mpaka siku nanunua. Ni kilomita kumi na nusu kwa siku! Kutoka Kileleshwa hadi mjini na kurudi inakaribia kuisha hapo, na kanisani hujaenda. Karatasi ya kweli ndiyo iliyobeba uongo mgongoni.

Na skana, kifaa cha kusoma kompyuta za gari, nilikuwa nayo. Mfukoni. Nikaichomeka pale chini ya usukani, haikuwaka. Broka hata hakupepesa jicho: "Fyuzi ya hapo iliungua, Jumatatu fundi anaweka." Nikasema sawa. Mimi! Jumatatu nilipofungua kisanduku cha fyuzi, haikuwa imeungua, haikuwepo. Nafasi iko wazi na safi kama jino lililong'olewa kwa daktari. Nikatia fyuzi ya shilingi chache, skana ikawaka.

Sikilizeni hapa, ndipo penye utamu na uchungu. Zamani dashibodi ilihesabu peke yake. Magari mengi ya Kijapani yalikuwa na sensa ya spidi kwenye gia boksi, mapigo 4 kwa mzunguko, mizunguko 637 kwa kilomita, yaani mapigo 2,548, na atakayeshika dashibodi ameshika kila kitu. Siku hizi spidi hutoka kwenye sensa za breki za ABS za magurudumu, inasafiri kwenye jozi ya waya za CAN, mtandao unaounganisha kompyuta za gari, na kompyuta kadhaa zinaisikia kwa pamoja. Dashibodi inaandika jumla yake kwenye chipu ndogo ya miguu minane nyuma ya bodi. Warudisha maileji hufungua dashibodi, wanaibana chipu hiyo, wanaandika namba wanayotaka, wanafunga. Kazi ya kabla ya chai. Ila daftari la kompyuta ya injini liko kwingine, na wengi wao hawaligusi.

Kwenye skana kuna mstari wa umbali tangu makosa, yaani hitilafu zilizorekodiwa na kompyuta, yafutwe mara ya mwisho. Ulisoma 65,535.

Asiyejua atadhani ni kilomita za kawaida. Hiyo ni namba kubwa kuliko zote zinazoweza kuingia kwenye nafasi ya biti 16 ya kompyuta. Ikifika hapo inasimama, haiendelei. Yaani gari lililotembea 58,412 tangu lizaliwe limetembea angalau 65,535 tangu mtu alipofuta makosa, na baada ya hapo hakuna aliyehesabu. Mtoto amemzidi mama umri. Limefika ngapi kweli? Laki moja na nusu? Mbili? Nilipoangalia vizuri nikaona matundu mawili ya skrubu karibu na redio, ya kishikio cha simu, na mpini wa mlango wa nyuma kushoto umechakaa kuliko wa dereva. Teksi ya app, ndugu zangu. Hiyo kwa mwaka inamaliza kilomita elfu hamsini bila kutoka jasho. Mama wa Kileleshwa alikuwa abiria.

Na bado. Nikatoa dashibodi nzima. Skrubu moja ya juu ilikuwa na kichwa kilicholiwa, na nyuma yake kuna waya mwembamba wa buluu umechomelewa kutoka kwenye taa ya airbegi (mfuko wa hewa wa kukukinga ajalini) kwenda kwenye taa ya oili. Taa ya airbegi ikiwa nzima, ukifungua swichi bila kuwasha injini, inawaka kama sekunde 6 halafu inazima yenyewe, huku za oili, betri na injini zikibaki. Hii ilikuwa inangoja injini iwake ndiyo izime, pamoja na ya oili, sekunde ile ile. Broka alikuwa akipiga ufunguo mara moja tu, swichi na stata kwa mpigo, nani angeona? Kwenye usukani hakuna airbegi. Kuna kifuniko na hewa.

Hapo ndipo ninapotaka mtu afungwe. Maileji ni wizi wa pesa, nitakula hasara nitanyamaza. Lakini mtu amejua gari limegongwa mpaka airbegi ikalipuka, akachukua kifaa cha kuchomelea, akaziba mdomo taa inayosema "hutaokoka", akaniachia nikaketisha watoto humo. Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kujipatia mali kwa udanganyifu ni hadi miaka 3. Ni michache. Akae ndani mpaka maileji yake yeye irudi sifuri. Na fundi aliyechomelea awekwe selo ya jirani, kazi yake naijua, solda yake mbaya.

Mnaoenda yadi wikendi hii: swichi kwanza, hesabu sekunde, ndipo uwashe. Gari la kubonyeza, bonyeza mara mbili bila breki. Tundu la skana lisipowaka, ondoka, usingoje Jumatatu. Angalieni mpira wa pedali ya breki ulivyolika na mwaka kwenye ubavu wa tairi, tarakimu nne, mbili za mwisho ni mwaka. Tripu mfute wenyewe, mkianzia chini kupanda, na mrudi pale pale. Skana ikisema makosa yamefutwa kilomita 3 zilizopita, hilo nalo ni jibu: kuna anayeficha kitu.

Broka simu yangu hapokei tangu Jumanne. Jana nimepita pale, bendera za yadi bado zinapepea, na kuna wagoni nyingine nyeupe imeoshwa imewekwa mbele. Nimechungulia dirishani: 61,090.