Tahadhari: Prosesa Zinazouzwa kwa Madai Kwamba Zimeshafanyiwa Ovakloki

Ndugu zangu mnaotafuta prosesa au kompyuta za mezani zilizotumika, naomba msome tahadhari hii kabla ya kutuma malipo yoyote. Yuko muuzaji wa mtandaoni anayetangaza prosesa peke yake, bila ubao mama (ubao mkuu wa kompyuta ambao prosesa huchomekwa) wala kipoza joto, kila moja ikiwa na picha ya skrini inayoonyesha gigahezi 5 na zaidi. Hudai nyongeza kubwa juu ya bei ya kawaida kwa maelezo kwamba prosesa hizo zimeshafanyiwa ovakloki, yaani zimepandishwa kasi kupita ya kiwandani, na kwamba mnunuzi ataichomeka tu na kuikuta kasi ile ile. Wanunuzi waliolalamika hupewa jibu moja: ubao mama wako ni dhaifu, au hukujua kuifunga. Simtaji kwa jina kwa sababu jina la akaunti hubadilishwa kwa dakika chache, ilhali mbinu zenyewe hazibadiliki, na wapo wengine wanaoziiga.

Dai hilo halina msingi wowote wa kiufundi. Kasi ya prosesa hupatikana kwa kuzidisha kasi ya msingi, ambayo kwa kawaida ni megahezi 100, kwa namba iitwayo kizidishi, hivyo kizidishi cha 50 hutoa gigahezi 5. Kizidishi hicho, pamoja na volti zinazokiwezesha, huhifadhiwa katika mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayowasha kompyuta) ya ubao mama na si ndani ya prosesa, na kwa hiyo prosesa ikichomolewa mipangilio yote hubaki nyuma. Ukiiweka kwenye kompyuta yako itafuata mipangilio ya ubao mama wako. Nyongeza ya bei uliyolipa, kwa hiyo, imelipia namba iliyobaki kwenye mashine ya mtu mwingine.

Upo ukweli mmoja ambao muuzaji huyo hujificha nyuma yake. Prosesa mbili za modeli moja hazilingani kabisa, na moja huweza kuhimili kasi fulani kwa volti ndogo kuliko mwenzake. Kampuni ya Silicon Lottery ya Marekani, iliyofunga shughuli zake mwaka 2021, ilijenga biashara halali juu ya tofauti hiyo, lakini ilimpa mnunuzi kasi, volti na mipangilio ambayo prosesa yake ilipimwa nayo. Muuzaji ninayemzungumzia hatoi volti, hatoi joto, wala hasemi jaribio lilidumu muda gani. Picha ya CPU-Z, programu inayoonyesha taarifa za prosesa, huthibitisha tu kwamba mashine ilikuwa hai wakati picha inapigwa, na kompyuta isiyo imara kabisa inaweza kubaki hai kwa muda huo.

Baya zaidi ni kwamba baadhi ya prosesa anazotangaza haziwezi kufanyiwa ovakloki ya kizidishi. Kwa Intel, modeli za kawaida za mezani zenye kizidishi kilichofunguliwa, yaani kinachoweza kupandishwa, hutambulika kwa herufi K, na huhitaji ubao mama wenye chipseti (chipu inayoratibu kazi za ubao huo) ambayo jina lake huanza na herufi Z. Core i7-12700 isiyo na K, kwa mfano, kizidishi chake kimefungwa. Kwa AMD, prosesa nyingi za Ryzen zimefunguliwa, lakini chipseti za A320 na A520 haziruhusu ovakloki ya prosesa, na Ryzen 7 5800X3D ilitolewa ikiwa imefungwa. Msiamini pia jina la prosesa linaloonekana kwenye ukurasa wa sifa za Windows, kwani linaweza kubadilishwa kwenye rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows. Someni maandishi yaliyochongwa juu ya kifuniko cha chuma cha prosesa, na kama kimekwanguliwa au namba zake zimefichwa pichani, acheni biashara hiyo.

Kwa anayenunua kompyuta nzima iliyokwisha kufanyiwa ovakloki, hatari ni kubwa kuliko hasara ya fedha. Ili namba ipande upesi, muuzaji huongeza volti bila kipimo, na umeme unaotumiwa na prosesa hukua kwa mraba wa volti. Kupanda kutoka volti 1.20 hadi 1.40 kwa kasi ile ile huongeza matumizi hayo kwa takriban asilimia 36, na kasi nayo ikipanda kutoka gigahezi 4.5 hadi 5.0, ongezeko hufika takriban asilimia 51. Joto hilo lazima liondolewe na kipoza joto, ambacho mara nyingi ndicho kifaa cha bei nafuu kuliko vyote katika mashine hizo. Volti kubwa na joto la muda mrefu huchakaza prosesa taratibu, hata ifikie hatua ya kuganda kwa kasi ya kiwandani ambayo zamani iliihimili bila shida. Uchakavu huo hautibiki kwa mipangilio yoyote.

Anayeuziwa Core i9-13900K au i9-14900K iliyotumika awe mwangalifu maradufu. Mwaka 2024 Intel ilikiri tatizo la volti katika prosesa za kizazi cha 13 na cha 14, ikatoa masasisho ya maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa, ambayo huja na sasisho la BIOS), likiwemo 0x129 la mwezi Agosti, na kuongeza dhamana ya prosesa zilizohusika kwa miaka 2. Masasisho hayo huzuia madhara mapya, lakini hayaponyi prosesa iliyokwisha kuharibika. Dhamana ya kawaida, kwa Intel na kwa AMD, haigharamii madhara ya ovakloki.

Kabla ya kulipa, dai kuiona mashine ikirejeshwa kwanza kwenye mipangilio ya kiwandani, wasifu wa kasi wa memori (mipangilio inayoipandishia memori kasi) ukiwa umezimwa, kisha ijaribiwe kwa Prime95 au OCCT, programu zinazoipa prosesa mzigo mzito, huku joto likionekana. Isipokuwa imara hapo, hakuna sababu ya kuendelea. Ikifaulu, muuzaji arudishe mipangilio yake ya ovakloki na arudie jaribio kwa saa kadhaa, si dakika, kisha aiache mashine ifanye kazi nyepesi, kwa sababu ovakloki nyingi huanguka pale mzigo unapobadilika ghafla. Fungua Event Viewer, kumbukumbu ya matukio ya Windows, na utafute makosa ya WHEA-Logger, yaani makosa ya vifaa yaliyonakiliwa na Windows: yakiwepo, prosesa au memori inakosea hata kama skrini haijaganda. Muuzaji mwenye mashine nzuri hana sababu ya kukataa haya.

Kwa aliyekwisha kununua, futa mipangilio ya BIOS, sasisha BIOS hiyo, kisha ijaribu prosesa kwa kasi ya kiwandani. Usikubali ushauri wa muuzaji wa kuongeza volti kidogo mpaka itulie, maana kufanya hivyo huficha uchakavu na kuuharakisha, na siku za kudai fedha zako zinapita. Hifadhi tangazo, mazungumzo na picha za makosa, kisha fungua malalamiko kwenye jukwaa ulilonunulia kabla muda wake haujaisha. Anayetaka kasi zaidi anunue prosesa iliyofunguliwa, aipandishe kizidishi mwenyewe namba moja moja, na arudie jaribio kila hatua.