Skana ya ELM327: msaada wa kweli kwa anayejiuliza auze gari au abaki nalo ushuru ukipanda

Ushuru wa magari kutoka nje ukipanda, wanunuzi wanakimbilia magari yaliyotumika, na bei ya hayo nayo inapaa. Vipuri pia havisalimiki. Marekani ilianza kutoza 25% kwa magari yanayoingizwa Aprili 3, 2025, na mwezi mmoja baadaye injini, gia boksi na vipuri vingine vikuu vikaingizwa kwenye ushuru huo. Kwa hiyo anayetaka kubaki na gari lake lazima ajue mapema ni kipuri gani kitamla pesa. Skana ndogo ya Bluetooth ya ELM327, inayochomekwa kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani na kuonyesha kwenye simu yanayosomwa na kompyuta ya gari, inalijibu swali hilo vizuri kuliko bei yake inavyoonyesha.

Ila chagua kwa makini. Nyingi sokoni ni nakala. Iliyoandikwa "v1.5" ni nakala moja kwa moja, maana Elm Electronics, waliotengeneza chipu halisi ya ELM327, walitoka 1.4 wakaenda 2.0. Nyingine zimeandikwa 2.1 lakini amri kadhaa hazizijui, hivyo hukatikakatika zikisoma gari la zamani. Gari la soko la Marekani la 1996 kuja juu litasomeka, na la petroli la Ulaya kuanzia 2001. La soko la ndani la Japani kabla ya 2008 linaweza kuwa na soketi ileile na bado lisielewane na skana.

Wengi husoma namba za hitilafu, wakafuta, wakaishia hapo. Faida kubwa iko kwenye data za moja kwa moja injini ikiwaka. Chukua P0420, namba inayosema katalaiza (kifaa cha kusafisha moshi) haifanyi kazi ipasavyo. Inawafanya watu waagize katalaiza mpya, kipuri ghali ambacho ushuru unakifanya ghali zaidi. Pasha injini moto, ishikilie kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, kisha tazama volti za sensa ya oksijeni ya nyuma. Zikitulia karibu na 0.6 hadi 0.7, katalaiza bado inafanya kazi. Tafuta kwanza tundu kwenye bomba la moshi. Zikirukaruka kati ya 0.1 na 0.9 kama za sensa ya mbele ya aina hiyohiyo, katalaiza imekwisha. Hata hapo, kama injini inamisi, tengeneza plagi na koili kwanza, la sivyo mafuta yasiyoungua yataiua na mpya.

Angalia pia LTFT, yaani marekebisho ya mafuta ya muda mrefu: asilimia ambayo kompyuta ya gari inaongeza (+) au kupunguza (-) mafuta. Ndani ya 10% juu au chini ni kawaida. Ikisoma +15% kwenye sailensi (injini ikiwaka bila kukanyagwa mafuta) na kushuka ukiongeza mizunguko, hewa inaingia kwa njia ya panya, mara nyingi ni mpira uliopasuka, matengenezo ya bei ndogo. Ikizidi kupanda kadiri injini inavyobeba mzigo, shuku pampu, filta ya mafuta au sensa ya hewa iliyochafuka.

Kwa anayenunua lililotumika, skana ina kipimo kimoja ambacho muuzaji hawezi kukificha kirahisi: umbali uliotembewa tangu namba zilipofutwa. Ukikuta kilomita chache na majaribio ambayo kompyuta ya gari hujifanyia yenyewe hayajakamilika, huenda taa ya injini imezimwa juzijuzi tu. Omba gari liendeshwe siku kadhaa, kisha pima tena.

Kutu ya chesisi, bushi, shokapu na kompresheni skana haivioni. Gia boksi nayo skana ya bei nafuu mara nyingi haiifikii, na ndiyo inayoweza kubadili uamuzi mzima. Mlipe fundi apime kompresheni na kukagua mafuta ya gia. Yakiwa meusi na yananukia kuungua, hesabu bei ya gia boksi pamoja na ushuru wake kabla hujaamua kulibakiza gari.

Ukimaliza kupima chomoa skana. Inaendelea kunyonya umeme gari likiwa limezimwa, na betri iliyochoka inaweza kuishiwa.