Burley kwenye kiko: uanze na ipi ujue ladha ya jani lenyewe?

Haya, karibuni tena. Leo ni kiko, na ndani ya kiko ni burley, aina ya tumbaku inayokaushwa kwa upepo. Kabla sijagusa chochote hapa mezani: video hii ni ya watu wazima ambao tayari wanavuta. Kama huvuti, usianze kwa sababu yangu. Tumbaku ya kiko nayo inaleta saratani ya mdomo na ya koo, hata kama moshi huumezi, na hata kama kiko kinakufanya uonekane mzee wa busara. Nimeshasema, tuendelee.

Kuna swali linajirudia sana kwenye meseji zenu: "Kaka, nimenunua burley, watu wanasema ina ladha ya karanga, mbona mimi naonja chokoleti tu?" Jibu ni kwamba hujaonja burley bado. Umeonja kilichopakwa juu yake. Hiyo ndiyo mada ya leo: katika hizi nilizopanga hapa, ipi itakuonyesha jani, na ipi itakuonyesha kiwanda.

Kwanza tuelewe kwa nini burley ndiyo inayopakwa zaidi. Wenzangu wa Tabora, Urambo na Kaliua wanaijua tumbaku ya mvuke. Unachuma majani machache machache kuanzia chini, unayafunga kwenye kijiti, yanaingia kwenye bani la matofali, yaani banda la kukaushia, kuni zinawaka usiku na mchana, na kwa muda wa kama wiki moja jani limegeuka njano. Ule moto unawahi sukari kabla jani halijaimaliza. Ndiyo maana tumbaku ya mvuke, ambayo wavuta kiko wanaiita Virginia, inaweza kubaki na sukari asilimia 15 hadi 20, na ukiivuta unausikia utamu.

Burley haioni moto. Huku Kentucky, Marekani, ninakoishi, Agosti na Septemba wanakata shina zima zima. Wanalitunga kwenye fito yenye ncha ya chuma, mashina matano au sita kwa fito moja, halafu fito zinapandishwa ndani ya bani la mbao, ghorofa juu ya ghorofa, majani yakining'inia kichwa chini. Mabani mengi ya huku yamepakwa rangi nyeusi, na ukutani kuna mbao ndefu zinazofunguliwa na kufungwa ili upepo uingie kwa kiasi. Inakaa humo wiki nne mpaka nane. Jani linakufa polepole, na wakati linakufa linakula sukari yake lenyewe. Likitoka ni la kahawia, jepesi, na sukari karibu hakuna kabisa.

Sasa fikiria wewe ni mwenye kiwanda. Una jani lisilo na utamu, lenye nikotini ya kutosha, lenye vitundu vidogo vidogo vinavyofyonza maji kupita kiasi. Burley inaweza kubeba kimiminika kufikia robo ya uzito wake. Utafanya nini? Utaipa sukari, utaipa kakao, mzizi mtamu wa susi, pombe kidogo, vanila. Na ndivyo wanavyofanya tangu karne ya 19, hasa baada ya mwaka 1864, pale wakulima wa Brown County, Ohio, walipoona miche iliyopauka isivyo kawaida kwenye kitalu cha mbegu zilizotoka ng'ambo ya mto, Kentucky. Walidhani inaumwa. Ikaja kuwa White Burley, na hiyo ndiyo burley ya leo, iwe Kentucky au kwa jirani zetu Malawi, ambako ni zao kubwa kuliko yote wanayouza nje.

Kwa hiyo kanuni yangu ni nyepesi. Anayetaka kujua ladha ya muhogo hauonji kwanza ukiwa umeungwa kwa nazi. Anauchemsha na chumvi. Tunatafuta burley ya chumvi.

Na kiko chenyewe kiwe kisafi. Usichukue kile cha mti ulichokuwa unavutia tumbaku ya vanila mwaka jana, maana harufu ile imeshaingia kwenye kuta za bori, lile shimo la kutilia tumbaku, na itatoka na kila utakachokitia. Chukua kiko kipya cha gunzi la mahindi. Hiki hapa ni cha Missouri Meerschaum, wapo mji wa Washington, Missouri, tangu 1869. Ni bei rahisi, kinavuta unyevu vizuri, na kikichoka unakitupa bila kulia. Mivuto ya mwanzo utasikia ladha ya gunzi lenyewe, kama mahindi yanaungua. Hiyo si tumbaku. Subiri ipite ndipo uanze kuhukumu.

Haya, ya kwanza: Five Brothers. Nasogeza kamera karibu... tazameni mkato huu. Nyuzi nyembamba, fupi, rangi ya kahawia iliyopauka, kavu kabisa. Nikiibana kwa vidole viwili haishikani, inarudi ilivyokuwa. Sasa harufu. Ningependa mngekuwa hapa, kwa sababu hakuna cha ajabu: nyasi kavu, karatasi, kwa mbali maganda ya karanga. Hakuna kakao, hakuna tunda. Mtu aliyezoea tumbaku za manukato atasema imeharibika. Haijaharibika, ndivyo jani lilivyo.

Naijaza legelege, kwa sababu nyuzi nyembamba ukizishindilia hazipitishi hewa. Njiti ya kwanza, nazungusha moto juu, nashindilia kidogo sana. Njiti ya pili. Haya.

Mwanzo ni mkali. Kuna ukakasi kwenye kingo za ulimi, na nyuma ya koo kuna kitu kinachokwangua. Moshi wa burley ndivyo ulivyo, hauna sukari ya kuulainisha. Hapo wengi ndipo wanapotupa mfuko. Usitupe. Punguza mwendo. Mvuto mdogo, pumzika, mvuto mdogo, mpaka udhani kimezimika. Ikifika katikati ya bori ule ukali unashuka, na hapo ndipo mnaanza kusalimiana: karanga zilizokaangwa bila chumvi, ukoko wa mkate, na mwishoni uchungu mtamu wa kakao ile ya unga isiyotiwa sukari. Hiyo kakao imo kwenye jani. Sikilizeni tofauti, maana ndiyo siri ya somo zima. Kakao ya jani inakuja imechelewa, ni kavu, na inabaki mdomoni baada ya moshi kutoka. Kakao ya kupakwa unaisikia puani ukifungua tu kopo, mivuto ya kwanza ni sherehe, na ikifika nusu ya bori imeshaondoka.

Onyo moja: Five Brothers ina nguvu. Kula kwanza. Usiivute asubuhi tumbo tupu. Ukianza kwikwi, jasho la ghafla au kichefuchefu, weka kiko chini, lamba sukari, kaa. Tena ukiweza, bori dogo na nusu yake tu.

Ya pili, Solani Aged Burley Flake, ile ya namba 656, kutoka Ujerumani. Hii ndiyo ninayoipenda zaidi hapa mezani, nisiwafiche. Ni majani yaliyoshinikizwa yakakatwa vipande bapa. Tazama hiki: mistari meusi na ya kahawia imelaliana, ukikunja hakivunjiki. Kopo likifunguliwa kuna harufu ya chokoleti nyeusi, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba jani liko uchi. Lakini onja: haitoweki katikati. Inatembea pamoja na ile karanga mpaka majivu, na ule ukali wa koo umepungua sana. Mshinikizo na muda vimefanya kazi yake. Mimi kipande nakisugua kwenye viganja mpaka kiachiane, halafu nakianika hewani, kinakuja na unyevu mwingi mno. Ukiivuta mbichi itakuunguza ulimi, na utasingizia burley bure.

Kama una pesa ya kopo moja tu, nunua hii. Lakini kama lengo lako ni kujifunza, anza na ile ya kwanza, hata kama utainung'unikia.

Ya tatu, Prince Albert. R. J. Reynolds waliianzisha mwaka 1907 kule Winston-Salem, na yule bwana wa kwenye picha ndiye aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza. Ni tumbaku ya babu wa Kimarekani, inauzwa hata kwenye duka la dawa la mtaani. Vipunje vidogo vilivyojikunja, rahisi kujaza, haizimiki ovyo. Lakini nusa: tamu, kakao, kitu cha kulewesha kidogo. Imepakwa, na imepakwa vizuri. Nimeiweka hapa ili muivute baada ya Five Brothers, siku nyingine, kwenye kiko kile kile. Mkiipata ile karanga kavu chini ya utamu, ujue ulimi umeshajua kinachotafutwa. Msipoipata, rudini kwenye ya kwanza.

Na hii ya mwisho, Haunted Bookshop ya Cornell & Diehl, naipitia haraka. Burley ndiyo nyingi, lakini kuna Virginia nyekundu na perique, ile tumbaku ya Louisiana inayochachushwa kwenye mapipa, yenye pilipili na matunda yaliyokaushwa. Nzuri sana, nzito sana. Kwa anayejifunza, iache kabatini. Perique ikizungumza burley inanyamaza.

Kuhusu kutunza: burley tupu haina sukari, kwa hiyo msitegemee itageuka na kuwa tamu kwa kukaa miaka kama Virginia. Italainika kidogo, basi. Chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana inatosha, na msiweke kipande cha tofaa ndani eti ipate unyevu. Mtaotesha ukungu, na harufu ya tofaa itaingia kwenye jani mlilolitafuta likiwa safi.

Bei sitaji, kila jimbo huku lina kodi yake, na huko nyumbani sijui duka gani linaagiza. Na msiniandikie niwatumie. Tumbaku simtumii mtu, hata shemeji.